Uzi Kutoka Mbali: Historia ya Ushonaji Mpanda na Katavi

Kushona kulijulikana katika nchi ya Katavi kabla ya sindano ya chuma, na kabla kitambaa hakijawa kitu cha kila siku. Kilichoshonwa kwanza ni gome la mti. Misitu ya miombo inayotanda kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa iliwapa Wabende, Watongwe, Wakonongo na Wapimbwe vifaa vyote vya kazi hiyo mahali pamoja: myombo na mtundu kwa magome makubwa, utepe wa gome la ndani kwa uzi, na chuma chenye ncha kutoka kwa mhunzi kwa kutobolea.

Kilindo ndicho kielelezo kizuri zaidi cha ushonaji huo. Gome lilichunwa zima kama mkono wa kanzu, likakunjwa liwe mviringo kabla halijakauka, ncha zake zikapishanishwa na kutobolewa safu za matundu, na utepe ukapitishwa humo kwa kwenda na kurudi. Kitako nacho kilikuwa gome, kimeshonewa kuzunguka pande zote. Kilindo kilichoshonwa vizuri kilihifadhi nafaka, karanga au nguo kwa miaka mingi bila kulegea. Mzinga wa gome ulitengenezwa kwa akili ile ile. Huko Inyonga, Wilaya ya Mlele, ambako asali ni biashara kubwa, mizinga ya namna hiyo imedumu hadi zama hizi, ingawa maofisa wa misitu huipinga kwa sababu mti uliochunwa kuzunguka shina lote hufa. Anayetaka kuuona mshono wa kale kuliko yote ya Katavi hana budi kuanzia huko porini kabla ya kwenda kwenye baraza la fundi cherehani.

Nguo nayo ilitoka msituni. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake John Speke mwezi Februari 1858, alikuta watu wa kando ya Ziwa Tanganyika wakivaa mbugu, yaani nguo ya gome. Gome la ndani lilitengwa na ganda la nje, likaloweshwa, likatandazwa juu ya gogo na kupondwa kwa nyundo ya mti hadi likapanuka na kulainika. Nguo ya namna hiyo haikosi matundu: palipokuwa na kifundo cha tawi hutoboka, na pembe hupasuka mapema. Kwa hiyo mvaaji wa mbugu alipaswa kujua kutia kiraka na kuunga upana. Kiraka, ambacho siku hizi huonwa kuwa dalili ya ufukara, kilianza kama sehemu ya kawaida ya utengenezaji wa nguo.

Kisha ikaja pamba. Katavi imekaa katikati ya nchi mbili zilizojua kufuma: Unyamwezi upande wa kaskazini mashariki na Ufipa upande wa kusini. Burton alieleza vitanda vya wafumi vya Unyamwezi. David Livingstone, aliyepita Ufipa mwaka 1872, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliandika kuhusu pamba iliyolimwa na kufumwa huko. Kitanda cha mfumi kililala chini. Vigingi vinne vilichomekwa ardhini, miti miwili ikafungwa kuvikingama, na nyuzi za mtande zikatandwa kati ya miti hiyo kwa urefu wa nguo iliyotakiwa. Fimbo moja, iliyofungwa kwa vitanzi kwenye kila uzi wa pili, iliinua nusu ya mtande. Ubao bapa uliingizwa kuziachanisha nyuzi. Mshindio ukapitishwa kwa kijiti kirefu kilichozungushiwa uzi, kisha ukakazwa kwa ubao ule ule. Ubao ulipotolewa nyuzi zilipishana, na mshindio ukarudi ulikotoka. Mfumi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume, alikaa kando ya kazi yake na kusogea kadiri nguo ilivyokua. Iliyotoka ilikuwa nguo nzito, ngumu kuchakaa, yenye weupe wa pamba yenyewe, na mara nyingi ilitiwa mistari myeusi.

Lakini kufuma hakukuwa sehemu iliyokula siku. Kilichokula siku ni uzi. Pamba ilitolewa mbegu kwa vidole, ikachambuliwa, kisha ikasokotwa kwa pia, kijiti chembamba chenye kigurudumu kizito, kilichozungushwa huku mkono wa pili ukivuta nyuzi taratibu. Mfumi mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili kitanda chake kisikae bure. Jambo hili ndilo lililoamua hatima ya nguo ya wenyeji ilipokutana na nguo ya kiwandani, kwa kuwa Uingereza na Marekani zilikuwa zimeishusha bei ya kitambaa kwanza kwa mashine za kusokota, na za kufuma zikafuata baadaye. Kwa uimara, nguo ya Ufipa haikuwa na cha kuonea haya. Ilishindwa kwa mwendo wa uzi, na tangu hapo historia ya ushonaji wa Katavi imekuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya namna uzi na kitambaa vinavyofika huko kutoka mbali.

Nguo ya kiwandani iliingia pwani kwa wingi baada ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, na watu wakakiita kwa jina la kilikotoka: marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliukata mkondo huo. Viwanda vya Uingereza, kisha vya Bombay, vikaziba pengo, lakini jina halikubadilika. Pembeni ya marekani palikuwa na kaniki, kitambaa kilichotiwa nili hadi kikakaribia weusi, na nyuma yake safu ndefu ya vitambaa vya rangi vyenye majina ambayo leo yamebaki kwenye kamusi tu: barsati, sahari, debwani, kitambi, rehani. Kipimo kilikuwa mwili wa mtu. Mkono ulihesabiwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka. Mikono minane ilikuwa doti, yaani yadi 4, karibu mita 3.7, na jora la marekani lilifika yadi 30 hivi.

Henry Morton Stanley alikatiza nchi hii mwaka 1871. Vita kati ya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimefunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji, kwa hiyo msafara wake ulizunguka kusini kupitia Ukonongo, ambako sehemu yake kubwa leo ni Katavi ya mashariki. Mizigo iliyobebwa kichwani na mabegani na wapagazi wake ilikuwa zaidi ya yote vitambaa, shanga na waya, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyolipa hongo kwa watemi na kununua chakula njiani. Kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kinaonyesha kwamba kila nchi ilikuwa na kitambaa chake inachokitaka, na kwamba msafiri aliyebeba kisichotakiwa angeweza kushinda na njaa akiwa na marobota mazima.

Katika biashara hiyo nguo ilikuwa fedha, na fedha haikatwi. Doti iliyokatwa shingo na mikono haikuwa doti tena; isingepokewa kama hongo wala mahari. Kwa hiyo shuka ilifungwa kiunoni au begani kama ilivyotoka kwenye jora, na kazi ya sindano iliishia kwenye kuunga vipande viwili na kupinda ncha zisifumuke. Hii ndiyo sababu kanzu ilivuta macho sana bara. Mtu aliyevaa kanzu alionyesha kwamba ana kitambaa cha kutosha kukikata. Mafundi wa pwani, wengi wao wanaume, waliishona kwa mkono, wakaidarizi shingoni kwa uzi wa hariri au pamba, na kuivalia kofia ya viua ambayo kila tundu lake dogo lilizungushiwa uzi peke yake. Mtindo huo ulifuata misafara hadi Tabora, Ujiji na vituo vya ziwani.

Pwani yenyewe, wakati huo, ilikuwa ikiunga vipande kwa namna nyingine. Wanawake wa Unguja walinunua leso zilizochapwa kwa safu, wakazikata tatu tatu na kuzishona pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara waliona faida, wakaagiza nguo zilizochapwa nzima kwa mpango huo, na ndivyo kanga ilivyozaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kanga iliyofika Karema au Mpimbwe miaka ya baadaye haikuwa na mshono wa kuunga hata mmoja, lakini umbo lake lilitoka kwenye viraka.

Karema ndiyo mlango ambao sindano iliingia nao Katavi kama somo. Kituo hicho cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji wa jumuiya ya kimataifa iliyoundwa na Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 kikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe. Misheni ilikusanya watoto waliokombolewa utumwani, na mtoto aliyekombolewa alihitaji nguo kabla ya kitabu. Masista Weupe walipofika katika miaka ya 1890, darasa la kushona likawa sehemu ya malezi ya wasichana. Walifundishwa kupiga bandi kabla ya mshono wenyewe, kupinda pindo, kuzungushia uzi matundu ya vifungo, kutililia palipochakaa, na mwisho kudarizi. Gauni la ubatizo, shati la mtumishi wa misa na kitambaa cha altare vilitoka kwenye mikono hiyo. Adolphe Lechaptois, askofu aliyeongoza misheni hiyo kutoka Karema na aliyewaeleza Wafipa na Wabende katika kitabu chake cha mwaka 1913, Aux rives du Tanganika, aliishi katikati ya hali mbili: mfumi wa pamba alikuwa bado hai vijijini, na binti wa misheni alikuwa anashona kitambaa cha Ulaya.

Mabadiliko hayo yalihamisha kazi kutoka jinsia moja kwenda nyingine. Kufuma kulikuwa kwa mwanamume. Kanzu ilishonwa na mwanamume. Sindano ya misheni ilikabidhiwa mwanamke. Mashine ilipokuja, ikaenda tena kwa mwanamume. Mgawanyo huo ulidumu kwa vizazi viwili na zaidi: kushona kwa mkono kukahesabiwa kuwa adabu ya nyumbani isiyolipwa, na kushona kwa cherehani kukahesabiwa kuwa ufundi wenye malipo. Hakuna sababu yoyote katika kazi yenyewe inayoeleza tofauti hiyo, kwa kuwa mkono unaodarizi ua la nyuzi saba hauhitaji kufundishwa subira ya kushona suruali.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha kwa muda mfupi kwamba ujuzi wa kale haukuwa umekufa. Manowari za Uingereza zilifunga pwani ya koloni la Wajerumani, majora yakakosekana, na usokotaji wa mkono ukafufuliwa sehemu nyingi za nchi kwa ajili ya askari na raia. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi nyuzi zilivyosokotwa na kufumwa kwa mkono, na jinsi kitambaa kilivyotiwa rangi ya kahawia kwa mizizi ya mti uitwao ndaa. Amani iliporudi, majora yalirudi, na vitanda vya wafumi vikawekwa kando. Mara hii hapakuwa na wa kuvirudia. Kodi ya serikali ya Kiingereza ilidaiwa kwa fedha taslimu, na vijana wa magharibi walikwenda kuitafuta kwenye mashamba ya mkonge. Zile siku za kiangazi ambazo baba zao walikaa kwenye mtande, wao walizimaliza wakikata mkonge pwani, na wakarudi na shuka, kaptura na blanketi za dukani.

Neno cherehani lina asili ya neno la Kiajemi la gurudumu, na chombo chenyewe kilienea Afrika Mashariki kupitia Unguja na maduka ya Wahindi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba, iliyoanza safari za abiria na mizigo mwaka 1927, iliunganisha Kigoma na Karema. Kwa njia hizo Singer nyeusi yenye maandishi ya dhahabu iliweza kufika ziwani bila kubebwa kichwani. Iliyosafiri zaidi ndani vijijini ilikuwa ile ya mkono, inayozungushwa kwa mpini upande wa kulia, kwa sababu ilibebeka ndani ya sanduku lake. Ile ya miguu, yenye meza na kanyagio la chuma, ilihitaji mahali pa kukaa. Mpanda haikuwa bado mahali pa kukaa. Eneo lile lilikuwa na watu wachache, limezungukwa na mbung'o na malale, na serikali ilikuwa ikiwahamisha wakazi wa vijiji vilivyotawanyika kwenda kwenye makazi ya pamoja.

Risasi ndiyo iliyoufanya mji. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini hayo Mpanda baada ya Vita Kuu ya Pili, na reli ya tawi kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilifunguliwa mwaka 1950. Kwa mara ya kwanza palikuwepo katika nchi hii watu wengi waliopokea mshahara kwa siku moja. Mshahara unataka shati. Duka la vitambaa lenye kibaraza likawa alama ya mtaa: ndani majora yamepangwa kwenye rafu hadi darini, nje fundi amekaa nyuma ya cherehani lake. Mteja aliingia akachagua kaki, drili au poplini, akapimiwa yadi zake kwa rula ya mbao iliyopigiliwa kaunta, kisha akatoka nje na kitambaa kwapani kupimwa kiuno na bega. Mwenye duka aliuza kitambaa, fundi aliuza mshono, na kila mmoja alimhitaji mwenzake kiasi kwamba kodi ya kibaraza mara nyingi ililipwa kwa kushonea duka.

Ufundi wa barazani ulikuwa na vyombo vichache na hesabu nyingi. Futi ya kamba shingoni, chaki, mkasi mzito, tondoo ya kusukumia sindano kwenye kitambaa kigumu, na pasi ya mkaa iliyopepewa mlangoni hadi majivu yakatoka. Mwanafunzi alianza kwa kufagia, kuwasha pasi na kuokota pini. Baadaye alipewa vifungo na mapindo ya mkono, kisha akaruhusiwa kukanyaga mashine isiyo na uzi, akifuata mistari kwenye karatasi mpaka miguu na mikono ielewane. Kukata kulikuja mwisho, kwa sababu mshono mbaya hufumuliwa lakini mkasi haurudi. Fundi aliyejua kukata kwa kubana, akatoa suruali ya mtu na kaptura ya mtoto kwenye kipande kimoja, ndiye aliyesifiwa. Katika mji ambao jora linasafiri kwa treni kutoka pwani, inchi chache zilizookolewa zilikuwa faida yake halisi.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, na pamoja nayo maduka na mafundi.

Uhuru ulileta sindano kwenye siasa ya maendeleo. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioundwa mwaka 1962, uliendeleza madarasa ya wanawake ambayo ndani yake kushona na kufuma vilikaa pamoja na kusoma, lishe na usafi wa nyumba. Katika shule za msingi somo la sayansikimu liliwafundisha watoto kushona kwa mkono, na kipande cha kitambaa kilichojaa aina za mishono, kila mmoja na mstari wake, kikawa mtihani. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kikiwemo cha Msaginya karibu na Mpanda, vilitia ushonaji katika fani zake. Hapo wanawake walikalia cherehani kama wanafunzi wa ufundi, na mgawanyo wa zamani ukaanza kuvunjika.

Uzi nao ulikaribia kuwa wa nyumbani. Viwanda vya Mwatex, Mwanza, na Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, vilitoa kanga, vitenge na mashuka kwa pamba ya Tanzania. Tabora, mji ambao treni ya Mpanda hupitia, ilipata baadaye kiwanda cha kusokota nyuzi, Tabotex. Katika karne nzima iliyopita, hicho ndicho kipindi ambacho kitambaa kilichoshonwa Mpanda kilikuwa na njia fupi kuliko wakati wowote kati ya shamba na sindano.

Katika miaka hiyo hiyo watu wengine waliingia. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwafukuza watu wengi kuvuka mpaka, na serikali ya Tanzania iliwapa makazi ya Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, yote katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na fedha ya mazao ikageuka nguo. Vijiji vilivyopangwa kwa mistari na barabara, vyenye shule, zahanati na masoko yake, vilihitaji mafundi wake pia, na soko la Katumba likawa mahali ambapo mshono wa sare, gauni la kanisani na suruali ya mavuno ulipatikana bila kwenda mjini. Makazi hayo yaliungwa rasmi na nchi miaka mingi baadaye: mwaka 2014 wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao wapatao 162,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania.

Uhaba wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa mtihani mkubwa kwa fundi. Vita vya Kagera vilikausha hazina, mafuta yalipanda bei, viwanda vikakosa vipuri, na kitambaa kikauzwa kwa mgawo kwenye maduka ya ushirika. Uzi wa cherehani ulikuwa bidhaa ya kufichwa. Wanaokumbuka miaka hiyo magharibi ya Tanzania hukumbuka pia maarifa yake: kola iliyochakaa ikafumuliwa, ikageuzwa upande wa ndani na kushonwa upya, suruali ya baba ikakatwa kuwa kaptura ya mtoto, gunia la unga likafuliwa hadi maandishi yakafifia, likawa foronya, uzi ukavutwa kutoka kwenye pindo la nguo iliyokufa ili kuokoa iliyo hai. Hakuna wakati ambao ushonaji wa mkono ulithaminiwa zaidi, na wengi wanaojua kutia kiraka kisichoonekana walijifunza wakati huo.

Serikali ililegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, na mitumba ikaingia. Marobota yalikatwa kamba sokoni, na shati la kola ngumu likauzwa kwa bei iliyo chini ya kitambaa chake. Hapo kazi ya fundi ilibadilika bila yeye kubadili kiti: kutoka mshonaji akawa mpunguzaji, mwingizaji wa zipu, mfupishaji wa suruali, mgeuzaji wa koti la mzee wa Ulaya kuwa la kijana wa Makanyagio, mjini Mpanda. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vya umma vilidhoofika, vingine vikafungwa katika miaka ya 1990. Mitumba ilivisha watu wengi waliokuwa hawana, na hilo si dogo. Lakini ilikata ule uzi mfupi uliokuwa umeanza kusokotwa kati ya shamba la pamba na sindano.

Mitumba ilileta pia kitu kwa wafumaji. Sufu ya dukani ilikuwa ghali, ilhali sweta la mtumba lenye tundu kiwikoni lilipatikana kwa bei ndogo. Lilifumuliwa safu kwa safu, uzi ukazungushwa kwenye mgongo wa kiti, ukafuliwa ili kunyoosha mikunjo, ukakaushwa kivulini na kukunjwa mpira. Kutoka hapo zilitoka kofia na sweta za watoto wachanga, muhimu katika kipupwe cha Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi Mpanda. Rangi zilichanganywa kadiri uzi ulivyopatikana, na mistari ya sweta nyingi za wakati huo ilifuata akiba ya uzi kuliko mapenzi ya mfumaji.

Sanaa iliyopewa moyo zaidi, hata hivyo, ni kitambaa cha nyumbani. Magharibi ya Tanzania sebule haikuhesabika kuwa imepambwa bila vitambaa vya makochi, na kitanda cha bi harusi kilistahili shuka la kudarizi na foronya zake mbili. Kitambaa cha marekani au poplini kilikazwa kwenye duara mbili za mbao zinazobanana. Ua, tausi au maneno ya heri yalinakiliwa kwa karatasi ya kaboni. Kisha uzi wa rangi ukajaza, jani kwa mishono ya kulazwa, shina kwa mshono wa mnyororo. Pindo lilimaliziwa kwa kufumwa kwa sindano yenye kulabu, vikuta vidogo vidogo kama meno ya pazia. Shuka moja liliweza kuchukua wiki kadhaa za jioni. Ni kazi iliyopita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kwa jirani na kwa rafiki wa kanisani, na kwa sababu haikuuzwa dukani wala kusajiliwa popote, ni rahisi kwa mwandishi wa historia kuipita bila kuiona. Ilistahili kuandikwa mapema zaidi.

Kuunga vipande nako hakukukoma. Mabaki yaliyoanguka chini ya cherehani hayakutupwa: makubwa yaliungwa kuwa shuka la viraka la kufunikia watoto au pazia la mlango, madogo yakajazwa kwenye mito. Godoro la sufi au pamba lilishonwa kwa shazia, sindano ndefu inayopenya kutoka juu hadi chini, na kila baada ya shubiri uzi ukafungwa kifundo ili vijazio visikimbilie pembeni. Blanketi za vitambaa viwili na pamba katikati, ambazo wanawake wa Ulaya na Marekani walizigeuza sanaa mashuhuri, zinafuata kanuni ile ile ya fundi wa magodoro.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ukakatwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604; ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Watu wameongezeka maradufu kwa miaka kumi, na wengi wao ni watoto wanaohitaji sare. Elimu bila ada hadi kidato cha nne, iliyoanza mwaka 2016, iliongeza waingiao darasani, kwa hiyo Desemba na Januari ndiyo miezi ambayo taa za mafundi huzimwa mwisho. Cherehani la umeme lipo, lakini lile la kukanyaga, mara nyingi la Kichina lenye picha ya kipepeo, halijaondoka. Chuo cha VETA hufundisha ushonaji, na vikundi vya wanawake na vijana hununua vyerehani kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Barazani leo wanawake ni sehemu ya kawaida ya mafundi.

Pamba nayo imerudi. Wakulima wa Katavi, hasa wa Wilaya ya Tanganyika, wengi wao Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka maeneo ya Ziwa Victoria, wameifanya zao kubwa la biashara. Huchumwa kwa mkono katikati ya mwaka, hupimwa kwenye vituo vya ushirika, huchambuliwa, hufungwa marobota na kusafirishwa nje ya mkoa. Katika maduka ya vifaa vya ushonaji Mpanda, koni za uzi, zipu, lastiki, vifungo vya dazeni na majora ya kitambaa cha sare hushushwa kutoka kwenye malori yanayotoka Kariakoo, Dar es Salaam, kwa barabara ileile ya Tabora ambayo marobota ya pamba huondokea.